Vichwa vya Gotthard

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa Uswisi nikisomea ufundi umeme, na Jumamosi zangu nyingi ziliishia kando ya reli. Mamba, kichwa cha treni cha zamani kilichoitwa hivyo kwa utani, bado alikuwepo. Uswisi ina maji ya kuzalisha umeme lakini makaa ya mawe iliyaagiza nje. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoyaadimisha, reli ya mlima wa Gotthard ikatundikiwa nyaya, na kuanzia 1919 vikaundwa vichwa hivi vyenye chumba katikati na pua ndefu kila upande. Uzeeni, Mamba alipewa kazi ya kupanga mabehewa yadini.

Pua zile hazikuwa pambo. Mota za enzi hizo zilikuwa kubwa mno kukaa kati ya magurudumu, kwa hiyo zilipandishwa juu, puani, na nguvu ikateremshwa kwa gia na fito nene za chuma zilizounganisha magurudumu. Akiondoka, unaziona fito zinapanda na kushuka, kwanza polepole, chuma kikigonga chuma, harufu ya grisi ikikujaa puani. Ulijua kabisa nani anafanya kazi.

Kichwa kingine cha Gotthard, Ae 6/6 ya mwaka 1952, hakikuwa na fito hata moja. Kila ekseli ikawa na mota yake, na tani zote 120 zikakandamiza magurudumu yanayovuta. Iliweza kuupanda mlima na treni ya tani 600 kwa kilomita 75 kwa saa. Zile 25 za kwanza zilinakshiwa kwa kromu na kupewa majina ya majimbo. Wahandisi wa njia walizilalamikia kwamba zinakula reli kwenye kona, na walikuwa na haki, ila kwangu hakuna kichwa kilichowahi kupendeza kuliko hicho.

Nilipozuru tena miaka ya 1990 nikakuta kichwa kipya, Re 460: ekseli nne tu, uso mwekundu uliochorwa na Pininfarina, elektroniki ikiendesha kila kitu. Inafika kilomita 230 kwa saa, na ikiondoka inaimba kama kinanda kibovu. Nyingine zilipakwa matangazo ya biashara mwili mzima. Aibu!

Juzijuzi nilipanda treni ya umeme ya Mchongoko kutoka Dar kwenda Dodoma na mjukuu wangu. Akaniuliza, “Babu, kichwa kiko wapi?” Nikamwambia hakuna, mota zimefungwa chini ya mabehewa, huko chini ya viti vya abiria. Akainama kutazama, akakuta begi la jirani.