Mtenda Aliyefichwa: Kauli ya Kutendwa katika Kiholanzi

Nilijifunza Kiholanzi ili niweze kuisoma Max Havelaar, riwaya ya Multatuli iliyotoka mwaka 1860 kuhusu dhuluma za kikoloni huko Java, katika lugha yake asilia. Msamiati haukunitaabisha kama ilivyonitaabisha kauli ya kutendwa.

Sisi hutia kiambishi -w- katika kitenzi, kazi ikaisha. Mholanzi hana budi kuchagua kitenzi kisaidizi. De deur wordt gesloten: mlango unafungwa, na mkono ungali kwenye kitasa. De deur is gesloten: mlango umefungwa, nayo, kama yetu, yaweza kutaja tendo lililokamilika au hali tu ya mlango. Hapo angalau nilijihisi nyumbani. Kwingine Kiswahili kina uhuru zaidi: mtoto alipewa kitabu ni sentensi isiyo na kasoro, ilhali Kiholanzi sanifu hakimruhusu mpokeaji awe kiima cha worden.

Lililonishughulisha hasa ni muundo wa er. Er wordt gedanst: kunachezwa. Kitenzi si elekezi, hakuna yambwa ya kupandishwa cheo iwe kiima, na hata hivyo kauli ya kutendwa inasimama. Kiambishi chetu cha mahali, ku-, kinakaribiana nao. Lakini kwa kawaida Mholanzi hasemi er wordt gevallen, kwa kuwa kuanguka si tendo la hiari. Muundo huu, basi, humficha mtenda huku ukidai kwamba yupo, tena ni kiumbe mwenye nia, aghalabu binadamu.

Sasa tuchukue sentensi niliyoitunga mwenyewe: er werd geslagen. Tendo la kupiga lilifanyika. Aliyepiga hatajwi, aliyepigwa hatajwi. Nikiandika kulipigwa, msomaji wangu atauliza, kulipigwa nini, ngoma au mbiu? Nikiandika watu walipigwa, nimewarejesha waathiriwa ambao Mholanzi aliwaacha nje ya sentensi. Tafsiri hiyo ni ya kiungwana, nami naipenda, ila si aminifu: inaufuta ukimya uleule ambao mhakiki wa maandishi ya kikoloni anapaswa kuusikia. Kwa sasa ninaandika watu walipigwa, kisha ninainakili sentensi ya Kiholanzi pambizoni mwa ukurasa.