Maji ya bamvua na hewa nyepesi

Nimepotea kidogo, majaribio yalitubana, ila leo nina kitu.

Wiki hii darasani mwalimu alitaja jambo moja akapita: mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 1, usawa wa bahari hupanda kama sentimita 1. Akafuta ubao.

Nikampelekea jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, mtu wa Mafia. Akacheka. "We acha bwana. Maji yanafuata mwezi, hewa inahusikaje?"

Kwa siku za kawaida yuko sahihi. Hapa Dar mgandamizo hupanda na kushuka milibari chache tu kwa siku, yaani sentimita chache za maji, wakati siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Nani ataziona?

Kimbunga ndiyo habari nyingine. Hewa ni mzigo juu ya bahari, na pale mzigo unapopungua maji ya pembeni yanasukumwa kuja. Kawaida ni kama milibari 1013. Katikati ya kimbunga zikiwa 960, hiyo ni nusu mita nzima, na upepo haujaanza kusukuma maji yake (nao mara nyingi ndio unaoleta mengi zaidi, hasa pwani yenye kina kifupi). Jedwali la kupwa na kujaa halijui lolote kuhusu kimbunga kinachokuja. Limepigwa hesabu mapema, kwa mwezi na jua.

Jamaa akanyamaza. Kumbe mama yake anajenga kule nyumbani, na msingi umepimwa hatua kumi kutoka kwenye mstari wa mwani unaoachwa na bamvua. Maji hayajawahi kupita pale tangu enzi za babu, anasema.

Tukatoa kalenda. Kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1, mwezi mpya tarehe 8. Yaani maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye mafu! Kingechelewa siku tano tu, jamani...

Idai nacho kilipiga Beira usiku wa 14 Machi 2019, siku ileile ya robo ya kwanza. Maji mafu tena, na bado mji uliharibika vibaya. Uholanzi hawakupata bahati hiyo: usiku wa kuamkia 1 Februari 1953 dhoruba ilikutana na bamvua, wakafa watu zaidi ya 1,800.

Akapiga simu nyumbani, kaweka sauti ya nje. Mama kasikiliza yote, kisha kasema kiwanja kinaishia kwenye minazi ya jirani, nyuma hakuna pa kusogea. "Haya wanangu, nimwambie fundi aongeze kozi ngapi?"

Jamaa akanigeukia. Nikasema tatu kwa kuanzia, maana mbili na ushee zinaliwa na hewa peke yake, upepo bado hatujauhesabu.