Mzee Ojwang Alivyonifungua Kinywa

Kwa miaka mingi sikutaka kumwona Mzee Ojwang hata kwenye televisheni ya jirani. Wakenya wa umri wangu wanamjua vizuri: kichwa cheupe, miwani mikubwa, koti kuukuu, lafudhi ya Kijaluo, na ubishi usiokwisha na mkewe Mama Kayai katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Kabla stesheni ya KTN haijaanza mwaka 1990, stesheni ya televisheni ilikuwa moja tu, kwa hiyo Vitimbi ikianza kila mwenye televisheni alikuwa hapo hapo. Wengine walicheka. Mimi nilikuwa kijana wa Kijaluo katika shule moja ya Nakuru, kila "sh" ikitoka kinywani mwangu "s". Nikisema "sule", jina lilikuwa tayari: Ojwang! Nikajifunza kunyamaza. Hata swali nililolijua jibu lake, mkono chini.

Shule ilipokwisha nikapata kibarua cha kupanga viti kwenye kikundi cha maigizo. Siku moja nikamlalamikia fundi wa taa kuhusu yule Mjaluo wa Vitimbi anayetuaibisha.

"Mjaluo gani, kijana?" akasema. "Yule ni Benson Wanjau. Mkikuyu."

Nilibisha sana. Kisha nikaanza kumtazama upya, na hapo ndipo mambo yangu yalipogeuka. Waigaji wengi wa lafudhi huokota sauti mbili tatu, wakazikoroga, wakangoja kicheko. Wanjau alichukua mtu mzima: majivuno ya mzee asiye na pesa lakini hakubali kudharauliwa, ile subira kabla ya kujibu, jicho linalochungulia juu ya miwani. Nilimwona baba yangu mdogo pale, jinsi alivyo. Na mbele yake, kama Mama Kayai, alikuwa Mary Khavere, ambaye hakuwa mkewe nje ya kipindi, ingawa watu walikuwa tayari kuapa kwamba ni mume na mke.

Nikajiuliza: kama mtu wa mbali amejitahidi kiasi hiki kuyabeba matamshi yetu, mimi niliyezaliwa nayo nayafichia nini? Nikaomba nafasi jukwaani. Leo nakula kwa nafasi ndogo ndogo za televisheni: bawabu, mwenye nyumba anayedai kodi, mjomba aliyelewa harusini. "Sh" naitamka sawasawa nikitaka, na nikitaka naiacha iwe "s". Kazi yenyewe haina utajiri. Wanjau mwenyewe macho yalipomsumbua uzeeni, Wakenya walimchangia matibabu, na alifariki Julai 2015.

Mkurugenzi akiniambia, "Weka Kijaluo kidogo, tucheke," namuuliza kwanza mzee huyu anataka nini, anamwogopa nani, anadaiwa na nani. Wengine hukasirika.

Nanyi vijana mnaoingia kwenye fani hii, mkipewa nafasi ya Mkamba au Mgiriama, msikimbilie matamshi. Nendeni mkakae nao, mnywe nao chai, mwasikilize wakigombana.