Kipimo cha Rangi na Mto Ruvuma

Nikiwa mwanafunzi Marekani, niliwahi kujaza dodoso la kupima mtazamo wa mwanafunzi mweusi juu ya rangi yake. Chimbuko lake ni nadharia ya mwanasaikolojia William Cross. Mwaka 1971 alieleza hatua anazopitia Mmarekani mweusi, kuanzia kuupuuza au kuudharau weusi wake, kisha tukio linalomzindua, hadi kuukubali kwa utulivu. Mwaka 1981 Thomas Parham na Janet Helms wakachapisha kipimo cha hatua hizo: sentensi fupi, na mjibuji huonyesha kwa namba, 1 hadi 5, anakubaliana nazo kiasi gani.

Majibu yangu yaliniweka hatua ya kwanza. Niliudhika. Kilambo nilikokulia, mganga, mwalimu, askari na mwizi wote ni weusi. Nani angekaa kuuwaza weusi wake, sembuse kuudharau? Nikahukumu kwamba kipimo kile ni cha watu wengine.

Miezi michache baadaye, mlinzi wa jengo fulani alinizuia mlangoni huku akiwapisha wenzangu weupe. Usiku ule nilizielewa zile sentensi bila kamusi.

Ndugu msomaji, kisa kikiishia hapa kitanipa heshima nisiyostahili. Kilambo tuna swali letu: wewe ni wa ng'ambo ipi? Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma akikimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964. Wamakonde wa kule waliitwa Wamawia, tena kwa dharau. Siku moja wanafunzi wenzangu walizicheka chale za usoni mwake. Nami nikacheka. Nikasema ni jirani tu.

Sensa ya mwisho kutuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Naiheshimu hekima ya kuliacha swali hilo, lakini mtu huumia hata asipoulizwa. Ndiyo maana wanafunzi wangu wanapotaka kutafsiri dodoso la Marekani na kuligawa madarasani, huwaambia watafute kwanza kidonda cha hapa kiko wapi.

Mimi ningeanza na sentensi hii: "Nimewahi kumkana mtu wangu ili nikubalike kwa wengine." Mbele yake ningeandika 5.