Pedali zilizogoma na bibi aliyeulizwa mwisho

Baiskeli ikikaa stoo miaka mingi, matairi hupasuka na cheni hukauka. Vitu hivyo hubadilishwa kwa siku moja. Kinachowashinda wengi ni pedali. Ekseli yake imefungwa kwa hesi ndani ya mkono wa chuma, na kutu ikishaingia humo, vyuma viwili hushikana kama kimoja.

Hilo liliikuta familia moja mkoani Shinyanga. Binti yao wa miaka 14 alikuwa ameanza kidato cha kwanza katika shule ya kata, zaidi ya saa moja kwa miguu. Aliondoka nyumbani giza likiwa bado, na mama yake hakuwa na amani mpaka amwone amerudi. Fedha za baiskeli mpya hazikuwepo. Lakini stoo, nyuma ya magunia, kulikuwa na Raleigh ya marehemu babu, iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Aliinunua kwa fedha za pamba miaka ya 1960.

Fremu ilikuwa nzima. Pedali zilikuwa zimekwisha, zimebaki ekseli tupu ambazo mguu ungeteleza. Baba akapata spana namba 15, akaanza na ya kulia. Ikalia kidogo, ikaachia. Akahamia kushoto, akageuza vilevile. Haikutikisika. Akachomeka bomba kwenye spana ili aongeze nguvu, akavuta kwa uzito wake wote. Spana ikateleza, vidole vikachubuka kwenye fremu.

Jioni akatangaza kwamba kesho ataazima msumeno kwa jirani. Binti hakusema neno. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mboga, ndiye aliyeuliza, “Unaigeuzia wapi, mwanangu?”

Baba akaonyesha. Bibi akacheka. “Baba yako alikuwa anazivutia nyuma zote mbili. Nimemshikia baiskeli hiyo mara ngapi!”

Kumbe muda wote ule pedali ya kushoto ilikuwa inazidi kukazwa. Hesi zake ni za kinyume. Zingekuwa za kawaida, pedali hiyo ingejifungua polepole kadiri mtu anavyoendesha. Kanuni ya bibi ndiyo rahisi kukumbuka: simamisha spana ielekee juu, kisha ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili zitafunguka hivyo.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Bibi anaijua baiskeli hiyo kuliko yeyote pale nyumbani. Usiku aliposhikwa na uchungu wa kumzaa huyo huyo mwenye spana, alipelekwa zahanati akiwa amekaa kwenye karia yake.

Hata baada ya kuujua upande, hawakukimbilia nguvu. Walisugua kutu kwa brashi ya waya, wakadondoshea dizeli pale ekseli inapoingia kwenye mkono, upande wa nje na wa ndani. Wakaugonga mkono taratibu kwa nyundo ili dizeli ipenye, wakaiacha ilale. Wakarudia kesho yake. Siku ya tatu binti alishika usukani na kubana breki, bibi akaelekeza, baba akavuta. Pedali ikatoa mlio kama wa bawaba kavu, ikaachia.

Mzazi utakayejaribu kazi hii, angalia mambo matatu.

La kwanza ni dizeli au mafuta ya taa. Katika nyumba nyingi huwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, na mtoto mdogo huiona chupa, hayaoni mafuta. Iweke juu, mbali naye, hasa kazi inapochukua siku kadhaa. Akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike. Anapotapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumletea hatari kubwa zaidi. Mkimbize kituo cha afya, na chupa uibebe.

La pili ni mikono. Upande wa kulia kuna meno ya gia kubwa, hivyo yafunike kwa kitambaa kinene kabla ya kuvuta. Ukikatika, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Vimelea vyake huishi kwenye udongo na samadi, na baiskeli ya stoo huwa imejaa vyote viwili.

La tatu, usiwashe moto kuunguza kutu. Grisi na dizeli hushika moto haraka, na watoto hupenda kusogea kutazama.

Pedali mpya huwa na alama, L ya kushoto na R ya kulia. Binti alizipaka grisi kwenye hesi na kuzianza kwa vidole, kila moja ikizungushwa kuelekea mbele. Spana ilitumika mwishoni tu. Grisi hiyo ndiyo itakayozuia kutu kuzishika tena, na kazi yote aliifanya mwenyewe, bibi akitazama.

Siku hizi anaondoka nyumbani kukiwa kumepambazuka.