Faili za Muda si Takataka Zote

Msomaji, ikiwa kompyuta ya nyumbani kwako hutumia Linux, ule mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, yumkini umewahi kuambiwa na kijana mjuaji kwamba diski ikijaa, dawa ni kufuta kila kilichomo katika /tmp. Polepole! Humo ndimo programu huweka vitu zinavyovishughulikia, na vingine vingali vinatumika.

Ijumaa moja saa tisa alasiri, mpwa wangu mwenye kibanda cha kupiga chapa mjini Kajiado alinipigia simu nikiwa Kitengela. Mashine yake ya mitumba ilikuwa imekataa kuhifadhi barua ya mama fulani ya kuomba kazi, nayo ilitakiwa Nairobi kabla ya saa kumi na moja.

"Mjomba, nifagie /tmp yote?"

Nikamwuliza barua yenyewe aliifungulia wapi. Kumbe aliifungua moja kwa moja kutoka barua pepe, na programu ilikuwa imeiweka mumo humo katika /tmp! Nikamwambia achomeke flashi, aihifadhi huko kwa jina jipya, kisha ndipo tuzungumze habari za ufagio. Barua ikatumwa saa kumi na nusu.

Basi tukaanza kumtafuta mwizi wa nafasi. Amri ya df -h ilionyesha diski imejaa pomoni, lakini du -sh ikaonyesha kwamba /tmp haikuwa na uzito wowote. Mzigo ulikuwa katika /var/cache/apt: vifurushi vya programu zilizokwisha kuwekwa zamani. Amri ya sudo apt clean ikavizoa bila kugusa kazi ya mtu. Masalio ya kivinjari aliyafuta ndani ya kivinjari chenyewe.

Hao wapenzi wa rm -rf hunitia hofu. Wakikusudia kuandika /tmp/*, mwanya mmoja ukipenya kabla ya mkwaju wa pili, mashine itaanza kufuta kila kitu. Tena, faili ikifutwa huku programu imeishikilia, nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo ifungwe. Ndiyo maana wengine hufuta wee, na diski ikabaki imejaa vilevile.

Njia rahisi ni kufunga kazi zote na kuiwasha mashine upya. Matoleo mengi ya Linux husafisha /tmp yenyewe wakati huo, ilhali vya /var/tmp hubaki. Aidha, mtumishi aitwaye systemd, kwa kawaida yake, huondoa vilivyokaa bila kuguswa siku 10 katika /tmp na siku 30 katika /var/tmp, ingawa baadhi ya matoleo hubadilisha hesabu hizo.