Tulipopeleka Lenge Kabete

Tulipopanda matatu pale Kangemi, shosho alikataa bahasha yake ya kaki iwekwe na mizigo mingine. Aliipakata hadi katikati ya jiji, na kila makanga alipojipenyeza kudai nauli, aliisogeza kando isije ikakunjwa. Ndani mlikuwa na majani ya lenge yaliyofungwa kwa gazeti: machanga kutoka nchani, la katikati, na kuukuu la karibu na shina. Mwalimu mmoja mstaafu wa kilimo kanisani kwake ndiye aliyempa mawaidha hayo. Usibebe jani moja, alimwambia, kwa sababu jani moja halitoi ushahidi. Usilitie kwenye karatasi ya plastiki nalo lina maji, litaoza njiani. Chuma asubuhi, funga kwa gazeti, peleka siku hiyo hiyo.

Huyu shosho hatuna undugu wa damu. Ndiye mwenye ploti ninayopanga. Nyuma ya vyumba vyake amebakiza kipande cha ardhi ambacho wajenzi wamekimezea mate kwa muda mrefu, na pale amepanda malenge. Mengi ni ya majani. Wapangaji waliotoka Magharibi huyanunua kama seveve, naye huyaponda na viazi na mahindi akapika mukimo. Ila mmea mmoja aliutenga kwa ajili ya tunda. Msimu wa mavuno waumini hupeleka mazao kanisani, na baada ya ibada yanapigwa mnada. Mavuno yaliyopita mtu alileta lenge lililobebwa na wanaume wawili, likapigiwa makofi kuliko mahubiri. Shosho akaapa kulipita.

Mchezo huu wa malenge makubwa una mabingwa wake duniani. Mwaka 2023, huko Half Moon Bay katika jimbo la California, Marekani, Travis Gienger alipima lenge la kilo 1,247, uzito unaolizidi gari la Probox lisilo na abiria. Siri moja ya wakulima hao shosho aliijua bila kuambiwa: mmea huachiwa tunda moja tu, mengine yakang'olewa yangali machanga, ili chakula chote kiende mahali pamoja. Ubaya wake ni kwamba mmea huo ukiugua, huna wa akiba.

Nao uliugua. Majani mapya yalianza kutoka na mabaka ya kijani kibichi na manjano. Pale palipokuwa kijani palivimba malengelenge, kingo zikachongoka meno meno, na majani ya nchani yakawa membamba kiasi kwamba ilibaki mishipa tu. Tunda lenyewe, lililokuwa limenenepa vizuri, likaota vinundu.

Mjini tulishuka tukakata vichochoro kuelekea upande wa River Road, penye maduka ya pembejeo. Katika duka tuliloingia, kijana wa kaunta alisikia maneno "majani yanageuka manjano" akaweka chupa mbili mbele yetu, moja ya kuvu na nyingine ya wadudu. Bahasha hakuifungua.

"Ugonjwa wangu ni upi kati ya hizi mbili?" shosho akamuuliza.

"Zote, shosho. Unachanganya."

Shosho akarudisha kibeti chake kifuani. "Hata daktari hunitazama ulimi kwanza," akasema, akageuka. Mteja aliyekuwa nyuma yetu, aliyekuja kununua chakula cha kuku, ndiye aliyetuelekeza. Alisema twende Kabete, kando ya Waiyaki Way, kwenye maabara za kitaifa za utafiti wa kilimo, ambako yeye hupeleka udongo wake kupimwa. Lango hilo nimelipita mara nyingi nikienda Kikuyu na sijawahi kuwaza kwamba kuna siku nitaingia.

Basi tukarudi tulikotoka. Matatu ilipita Chuo Kikuu, ikapanda Museum Hill, ikaingia Westlands ambako barabara ya mwendokasi iliyofunguliwa mwaka 2022 inafikia kikomo chake. Tulipita Kangemi, nyumbani kwetu, bila kushuka, na shosho akachungulia dirishani kama kuna mtu anayemfahamu. Barabara hiyo imepewa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekamatwa na watu wa kampuni ya Waingereza akafia Kibwezi mwaka 1892, akisafirishwa kupelekwa pwani. Mwaka huo huo huko Urusi, Dmitri Ivanovsky alitoa taarifa ya jambo lililomshangaza. Alikuwa amechuja utomvu wa tumbaku yenye mabaka, kama lenge la shosho, kwa kichujio cha kauri kinachozuia bakteria, na utomvu uliochujwa bado ukaambukiza mimea mizima. Miaka sita baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi akakiita virusi kitu hicho kisichozuilika. Kwa hiyo elimu yote ya virusi, hadi ile ya korona, ilianzia kwenye majani ya mmea. Na sisi hatukuwa mbali na habari hizo: mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliandika juu ya mihogo ya Usambara iliyokuwa na maradhi ambayo leo wakulima huyaita batobato.

Maabara za Kabete zina umri mkubwa. Wakoloni waliziita Scott Agricultural Laboratories. Baadaye zikawa chini ya KARI, taasisi ya kitaifa ya utafiti wa kilimo, na baada ya sheria ya mwaka 2013 zikawa chini ya mrithi wake, KALRO. Nilitarajia koti jeupe na darubini. Tulichopewa kwanza ni kiti na maswali. Mtaalamu aliyetupokea, mwanamke wa umri wa binti wa shosho, aliiweka bahasha mezani bila kuifungua.

"Karibu shosho. Mgonjwa ni nani?"

"Ni lenge langu."

"Lilianza kuugua lini?"

"Mvua ilipopungua."

Maswali yakaendelea. Mbegu ilitoka wapi? Ndani ya lenge kubwa lililonunuliwa Marikiti. Mimea mingine inaugua? Ndiyo, mmoja hapa mmoja pale, si mstari mzima. Nyanya na maharagwe ya jirani yakoje? Mazima. Umepuliza nini? Majivu tu. Kila jibu aliliandika. Ndipo akafungua gazeti, akayapanga majani juu ya karatasi nyeupe kuanzia kuukuu hadi changa, akaanza kutufundisha kuyasoma.

Mmea wenye njaa, alisema, kwa kawaida huwa manjano kuanzia majani ya chini, kwa sababu hunyang'anya wazee chakula na kuwapa watoto. Hapa la chini lilikuwa zima na la juu ndilo lililoharibika, kwa hiyo si njaa. Ubwiri unga ni kuvu, na unga wake mweupe hutoka ukiupangusa kwa kidole. Alipangusa, kidole kikatoka safi. Dawa ya magugu inayopeperushwa na upepo hukunja majani na kuyafanya membamba, na hiyo huwadanganya wengi, lakini haichagui malenge peke yake: nyanya na maharagwe yangeugua siku hiyo hiyo, kisha majani yanayofuata yangeanza kupona. Haya yalizidi kuharibika kila lilipotoka jipya.

"Na yale ninayochuma seveve yana madoa ya fedha penye maungio ya mishipa," shosho akasema. "Hayo nayo?"

"Hiyo ni rangi ya kuzaliwa, shosho. Aina nyingine za malenge ziko hivyo zikiwa na afya njema."

Kisha akaligeuza jani changa. Upande wa chini, kando ya mshipa mkubwa, walikuwa wamejipanga vidukari wa kijani, wadogo kuliko punje ya mchele. Akanipa lenzi ya mkononi niwaone wakiwa wamechomeka midomo.

"Kwa macho naweza kukwambia ni virusi," alisema. "Siwezi kukwambia ni virusi gani." Vya matango, vya tikiti, vya mpapai na vya zukini vyote huchora mabaka yanayofanana kwenye lenge. Alinyofoa kipande cha jani changa, akakitia kwenye kifuko chenye maji ya dawa, akakisugua kwa kitako cha kalamu hadi maji yakawa kijani, akachovya ukanda mwembamba. Teknolojia ni ile ile ya vipimo vya haraka vya korona. Mstari mmoja unaonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Wa pili unamaanisha virusi vipo. Tulisubiri dakika chache na mistari miwili ikajitokeza.

Vilikuwa virusi vya mozeki ya manjano ya zukini, ZYMV kwa kifupi. Viligunduliwa Italia mwaka 1973, vikapewa maelezo kamili ya kisayansi mwaka 1981, na sasa vimeenea katika kila bara linalolima malenge, matango na matikiti. Ukanda huo, alituonya, hutambua virusi vya aina moja tu vilivyokusudiwa. Kujua kama kuna vingine vimejificha kunahitaji vipimo vikubwa zaidi, kama ELISA au PCR, na hilo si jambo dogo, maana virusi vikishirikiana madhara huzidi. Akakumbusha mahindi ya Bomet mwaka 2011, yaliyokauka shambani yakiwa bado mabichi kwa kushambuliwa na virusi vya aina mbili kwa pamoja.

Niliuliza kuhusu ile chupa ya wadudu. Jibu lake ndilo lililonipa thamani ya nauli yote. Kidukari huviokota virusi hivi mdomoni kwa kuonja jani gonjwa sekunde chache tu, na huviacha kwa kuonja jani zima sekunde chache vilevile. Dawa ikija kumuua, ameshaonja. Mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya, iwe ya duka au ya kienyeji. Mikono na visu pia vinaweza kuhamisha utomvu, hivyo anayechuma seveve kutoka mmea mgonjwa kwenda mzima anaweza kuusambaza ugonjwa mwenyewe. Mbegu nazo, mara chache, hubeba virusi.

Shosho alikuwa na maswali mawili. La kwanza: tutakufa tukila? Hapana; virusi hivi ni vya mimea na havimdhuru mtu, lenge linalika likikomaa. La pili: nikiliacha hadi mnada? Mtaalamu alinyamaza kidogo. "Ukiliacha, shosho, unawalisha vidukari wanaokwenda kwa mengine."

Akatupa masharti. Ng'oa mimea yote yenye mabaka, izike au ichome. Palilia magugu, hasa ya jamii ya matango, maana virusi hujificha humo. Vuna kwenye mimea mizima kwanza, kisha nawa mikono na osha kisu kwa sabuni. Usihifadhi mbegu za mmea mgonjwa. Ukipanda upya, zungushia mahindi: kidukari anayetua kwanza kwenye hindi huonja hapo na kupoteza virusi mdomoni kabla hajafika kwenye lenge.

Jioni hiyo shosho aling'oa mmea wake mwenyewe, akakataa nimsaidie. Kanisani atapeleka viazi.

Ewe unayepanda malenge nyuma ya nyumba, Kawangware au Kinoo, Uthiru au Dagoretti: ukiona mabaka, anza na majani machanga, yageuze, angalia mimea ya jirani, kisha fungasha sampuli ya kila umri kwa gazeti. Ipeleke Kabete, au kwa afisa wa kilimo wa kaunti yako, au kwenye kliniki za mimea zinazoandaliwa sokoni. Chupa ya dawa isiyo na kazi ina bei zaidi ya nauli ya kwenda kuuliza, na kwa virusi vya malenge hakuna chupa yenye kazi.